Mtazamaji Kiziwi Ukumbini: Mwongozo wa Kuandaa Igizo Atakalolifuata Mwanzo Hadi Mwisho

Mara ya kwanza kikundi chetu kuweka mkalimani wa lugha ya alama, tulimpigia simu siku mbili kabla ya igizo. Alikuja, tukamwonyesha pembe ya jukwaa karibu na spika, tukarudi kwenye pilikapilika zetu. Ilipofika sehemu ya usiku, fundi taa akashusha mwanga ukawa wa bluu, na mkalimani akamezwa na giza. Katika giza hilo ndipo mama wa mhusika mkuu anapokata roho; tulikuwa tumeandika kifo chake kisikike tu, kwa kilio kutoka nyuma ya pazia. Wakati wa mapumziko, kijana mmoja kiziwi alinifuata akanionyesha simu yake. Alikuwa ameandika: "Yule mama amesafiri?"

Alilipa kiingilio sawa na wengine. Kosa halikuwa la fundi taa wala la mkalimani. Lilikuwa la kwetu sisi tulioandaa, kwa kuwa tulimkumbuka kiziwi mwishoni kabisa, baada ya kila kitu kuwa kimeshapangwa. Mwongozo huu umetokana na yale tuliyojifunza tangu siku ile, na nimeuandika nikivifikiria vikundi vyenye bajeti ndogo, vinavyoigiza leo kwenye ukumbi wa kukodi, kesho kwenye uwanja wa shule.

Hatua ya 1: Jua unamwandalia nani

Watu huwaweka viziwi wote kwenye kapu moja. Hapo ndipo mambo huharibika mapema.

Yupo kiziwi aliyekua na lugha ya alama. Hiyo ndiyo lugha anayofikiria na kuotea, na Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili. Huyu anahitaji mkalimani. Yupo mtu mzima aliyesikia maisha yake yote kisha masikio yakachoka. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza. Bibi yako huenda ni mmoja wao, na hajui alama hata moja. Ukimwekea mkalimani hujamsaidia kitu. Yeye anahitaji maandishi ya kusoma au sauti iliyo safi zaidi. Yupo pia anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, anayesikia vizuri chumbani lakini ukumbini sauti zikigonga kuta na kurudi hapati neno.

Lugha za alama nazo hutofautiana nchi kwa nchi. Lugha ya Alama ya Tanzania siyo Lugha ya Ishara ya Kenya, na ya Uganda ni nyingine tena. Kikundi kinachotoka Nairobi kwenda kuigiza Dar es Salaam kitafute mkalimani wa Dar es Salaam.

Kwa wanaoigiza Kenya kwa Kiswahili, zingatieni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Wanafunzi viziwi Kenya huruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa wa Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Maana yake, kiziwi aliyesoma hadi kidato cha nne anaweza kusoma Kiingereza vizuri na asifuate maandishi yako ya Kiswahili. Uliza kabla ya kuandaa.

Kuhusu majina: sema kiziwi, viziwi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimejiita hivyo chenyewe. Neno "bubu" liondoe kwenye tangazo lako, na ukilikuta kwenye mdomo wa mhusika katika igizo, jiulize lipo kwa sababu gani.

Hatua ya 2: Mwite kiziwi kabla ya kufunga bajeti

Tafuta mtu mmoja kiziwi anayependa maigizo, umfanye mshauri wenu tangu mnaposoma mswada kwa mara ya kwanza. Mlipe. Ukishindwa kumpata, nenda kwenye ofisi ya CHAVITA iliyo karibu nawe, au Kenya uliza chama cha kitaifa cha viziwi, KNAD. Shule za viziwi pia ni mahali pazuri, kwani wahitimu wake ni viziwi wenyewe na wengine wamewahi kuigiza shuleni.

Kazi yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Atawapa wahusika majina ya alama, maana huwezi kutaja jina la Mwanaisha herufi kwa herufi kila anapoitwa. Atamrekebisha mkalimani pale tafsiri inapokuwa Kiswahili kilichovalishwa mikono. Atakaa kwenye viti tofauti na kukuambia anaona nini na haoni nini. Kubwa zaidi, atakuambia ukweli kuhusu yale yanayomkera.

Nikupe mfano. Katika igizo letu moja, mzee wa ukoo alimwonya kijana wake kwa methali ya "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kila anayesikia hujua kuwa "kusikia" hapo ni kutii. Mkalimani asiyejiandaa anaweza kuionyesha kwa alama ya masikio, na mbele ya safu nzima ya viziwi methali ikageuka kuwa tusi. Mshauri wetu alipendekeza alama ya kupuuza wosia, ikifuatwa na mguu unaovunjika. Viziwi walicheka palepale wasikivu, yaani wanaosikia, walipochekea. Methali na mafumbo ya aina hiyo vimejaa kwenye maigizo yetu, na havitafsiriki jukwaani kwa kukurupuka.

Ukimwandikia mfadhili au mwenye ukumbi, una pa kusimama kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, kifungu cha 30, unazungumzia haki ya kushiriki maisha ya utamaduni na unautaja ukumbi wa maigizo waziwazi. Tanzania na Kenya zote zimeuridhia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha ambazo dola inapaswa kuziendeleza, na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Iandike mistari hiyo kwenye barua yako, kisha uweke gharama ya mkalimani kwenye jedwali moja na maleba na usafiri, isiwe nyongeza ya chini ya ukurasa ambayo hufutwa kwanza fedha zinapopungua.

Hatua ya 3: Mkalimani aanze kazi mazoezini

Mpe mswada wiki tatu kabla, na usipungue hapo. Mpe na video ya mazoezi iliyopigwa kwa simu, hata kama si nzuri, ili aone nani anaongea na nani na kwa kasi gani. Ahudhurie mazoezi angalau mara mbili, pamoja na lile la mwisho lenye taa na maleba. Igizo likizidi saa moja, tafuta wakalimani wawili. Mikono na akili huchoka, na mkalimani aliyechoka huanza kufupisha. Kwenye igizo wanaweza kugawana wahusika, jambo ambalo humrahisishia mtazamaji kujua ni nani anayesema.

Kisha panga atakaposimama. Hili ndilo swali nililolikosea, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Msikivu anaweza kutazama dirisha la jukwaani huku masikio yake yakimfuata mzee aliye mlangoni. Macho ya kiziwi yanabeba kazi zote mbili. Akimtazama mkalimani, hamwoni mwigizaji. Akimtazama mwigizaji, maneno yanapita. Kwa sababu hiyo mkalimani awe karibu na pale mambo yanapotokea, ili jicho moja liweze kuwabeba wote wawili bila kugeuza shingo. Pembeni mwa jukwaa, upande ule wenye matukio mengi, panafaa kwa vikundi vingi. Ukiwa na muda wa mazoezi, mwingize mkalimani ndani ya jukwaa, amfuate mhusika kama kivuli chake. Ni kazi zaidi kwa mwongozaji, ila viziwi wengi niliozungumza nao hupenda namna hiyo kuliko zote.

Maigizo ya duara, yale ya uwanjani ambapo watu wamewazunguka waigizaji, yana shida yake. Mkalimani akisimama mahali pamoja, nusu ya duara wanaona mgongo wake. Tenga robo moja ya duara kwa viziwi, mkalimani asimame upande wa pili akiwatazama wao, na waigizaji wajue kwamba mstari huo haukatizwi.

Sasa mwanga. Mkalimani apate taa yake mwenyewe, nyeupe, isiyobadilika igizo linapobadilika. Mwanga usitoke juu kabisa, maana utamwekea vivuli machoni, na uso ni nusu ya lugha ya alama: swali, kejeli na mkazo hukaa kwenye nyusi na midomo. Jukwaa likizimwa, taa yake isizimwe. Mwongozaji wetu alilalamika kwamba itaharibu giza lake, tukaipunguza nguvu na kuielekeza vizuri, na giza likabaki giza. Nguo yake iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi. Kwa wengi wetu rangi ya krimu au ya bluu ya mawingu huonyesha mikono vizuri kuliko nyeusi. Asivae kitenge chenye maua, wala bangili na pete zinazomeremeta.

Mwisho, tenga viti. Safu ya pili hadi ya tano, upande wa mkalimani. Safu ya kwanza kabisa huwa karibu mno jukwaa likiwa juu. Viti hivyo vishikiliwe hadi dakika za mwisho, na mlinda mlango ajue ni vya nani.

Hatua ya 4: Maandishi kwenye skrini

Haya ni ya bibi yako, ya waliopoteza usikivu ukubwani, na ya viziwi wanaosoma Kiswahili vizuri. Huhitaji mtambo wa gharama. Laptop, projekta na programu yoyote ya slaidi vinatosha, pamoja na mtu mmoja makini.

1. Pata mswada kama unavyosemwa sasa, siyo ulivyoandikwa mwezi wa kwanza wa mazoezi. Keti mazoezini na kalamu.

2. Kila slaidi iwe na mistari miwili, isizidi mitatu, na kila mstari usivuke herufi 40 hivi. Vitenzi vya Kiswahili ni virefu, kwa hiyo herufi 40 zinaweza kuwa maneno matano tu. Kata mstari pale sauti inapopumua. Usiache "wa", "ya" au "na" ikining'inia mwishoni mwa mstari. Inamfanya msomaji arudi nyuma.

3. Andika jina la mhusika anapoanza kusema. Wakiwa wawili tu jukwaani, jina mara moja moja linatosha.

4. Andika sauti zenye maana: mlango unabishwa, ngoma ya msiba inalia mbali, adhana, pikipiki inakaribia. Kama kilio kile cha nyuma ya pazia kingeandikwa, yule kijana asingeuliza kuhusu safari.

5. Andika yote. Mwigizaji akitukana, liandike tusi lake. Kumpunguzia mtu mzima maneno kwa kumhurumia ni kumdharau.

6. Herufi nyeupe au za njano hafifu juu ya weusi, kubwa, zisizo na mikia. Weka slaidi nyeusi tupu kwa ajili ya ukimya.

7. Skrini iwe chini kadiri inavyowezekana, juu tu ya vichwa vya waigizaji au ubavuni mwao. Kaa kwenye kila kona ya ukumbi usome. Maonyesho ya nje yasubiri jua lizame, la sivyo projekta haitaonekana.

Anayebofya ndiye moyo wa kazi hii. Akitangulia, watazamaji wanasoma kichekesho kabla mwigizaji hajakisema na kicheko kinavurugika. Akichelewa, bibi anacheka peke yake. Lazima afanye mazoezi na kikundi kama mwigizaji yeyote, ajue pumzi ya kila mtu.

Halafu kuna hili la kuchomekea. Waigizaji wetu, hasa wa vichekesho, hupenda kutupia neno jipya wakiona watu wamechangamka, na ni uzuri wa sanaa yetu ambao sitaki ufe. Tumefanya hivi: mbofyaji ana slaidi chache za akiba zilizoandikwa "anachomekea", na pembeni yake yupo mtu mwenye vidole vyepesi anayechapa kwa ufupi kinachosemwa. Waigizaji nao tumekubaliana kwamba wakichomekea, watarudi kwenye sentensi ileile walipoachia, ili mbofyaji awapate.

Watu wenye masikio mazima nao watayashukuru maandishi hayo siku mvua itakapopiga bati.

Hatua ya 5: Sauti kwa wenye mashimesikio

Mashimesikio mengi yana koili ndogo inayoitwa T. Ukizungusha waya maalumu kuzunguka eneo la viti na kuuunganisha na amplifaya ya kazi hiyo, sauti ya jukwaani huingia moja kwa moja kwenye kifaa cha mtu, bila mwangwi wa kuta wala kikohozi cha jirani. Kama unajenga au kukarabati ukumbi, weka waya huo kabla sakafu haijamiminwa. Fundi apime kwanza, kwa kuwa nondo na mabati huudhoofisha. Si kila shimesikio lina koili hiyo, na nyingine huwa haijawashwa, kwa hiyo awepo mtu mlangoni wa kuuliza na kuelekeza.

Kwa wanaohamahama, kodi vipokezi vya redio vile vinavyotumika kwenye mikutano yenye tafsiri. Chukua visikilizio vya kufunika sikio. Vile vya kuchomeka ndani havimfai aliyevaa shimesikio. Bluetooth ya kawaida iache, huchelewesha sauti na midomo ikaachana na maneno. Sauti mnayoituma humo iwe ya waigizaji kwa wingi na ngoma kwa uchache, na maiki iwe karibu na mdomo. Maiki iliyotundikwa mbali itampelekea mtu kelele zilezile alizozikimbia, sasa zikiwa kubwa zaidi.

Hatua ya 6: Waigizaji wenyewe

Waambie mapema, wasije wakamshangaa mkalimani siku yenyewe. Nyuso zielekee kwa watazamaji, mikono isizibe midomo, na habari kubwa isitolewe mtu akiwa amegeuka nyuma. Mwongozaji aache pumzi fupi kabla ya kila tendo zito: kofi, barua kuchanwa, mtu kuingia. Pumzi hiyo humpa kiziwi nafasi ya kuhamisha macho kutoka kwa mkalimani.

Fanani, yaani msimulizi wa hadithi, anaposema "Paukwa!" na ukumbi ukaitika "Pakawa!", kiziwi hubaki nje ya mlango. Mpeni kiitikio cha mikono, mkalimani akianzishe, na ukumbi mzima ufundishwe kabla igizo halijaanza. Tulipofanya hivyo, watoto wasikivu walikuwa wa kwanza kukishika. Wafundishe pia makofi ya viziwi: mikono juu, vidole vimekunjuliwa, unavitikisa.

Ngoma ni zawadi mliyonayo tayari. Mdundo husikika kwa nyayo na kifua, ila sakafu ya saruji huumeza. Weka ngoma na benchi la viziwi juu ya jukwaa moja la mbao, uone nyuso zao. Muulize kwanza mwenye shimesikio kama anapenda kukaa hapo. Kwake ngoma ya karibu inaweza kuwa maumivu.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Umeme ukikatika, msikivu bado anasikia na igizo linaweza kuendelea kwa mshumaa. Kiziwi anapoteza vyote kwa mpigo, skrini na mkalimani. Nunua taa mbili za kuchaji ziwe za mkalimani peke yake, na mpe mtu mmoja jukumu la kuziwasha. Chapa nakala chache za mswada. Zikikosekana taa, igizo lisimame hadi zipatikane.

Hatari ikitokea, tangazo la maiki halitamfikia. Kuwe na taa za kumulika na mtu aliyepewa safu ile, anayejua alama za moto, toka na nifuate.

Hatua ya 8: Tangazo na mlango

Bango lenye namba ya kupiga tu limeshamfungia kiziwi nje. Andika namba ya kutuma ujumbe, na urekodi video ya dakika moja kwa lugha ya alama, mwenye kuonekana akiwa kiziwi mwenyewe, kisha uisambaze kwenye makundi ya WhatsApp ya viziwi kupitia mshauri wako. Taja tarehe yenye mkalimani, saa, bei, na viti vilipo. Mkiigiza siku nne na fedha zinatosha siku moja tu, chagueni moja na mwitangaze kwa nguvu. Usiku mmoja uliojaa ni bora kuliko nne za kubahatisha.

Mlangoni wawepo wahudumu wawili wanaojua salamu, karibu, choo, kiti na asante kwa alama, wenye karatasi na kalamu. Waongee wakimtazama mtu usoni. Kupaza sauti hakusaidii, hukunja midomo tu.

Hatua ya 9: Baada ya pazia kufungwa

Mkalimani asiondoke mara igizo likiisha. Robo saa ya kukaa na watazamaji viziwi itakufundisha kuliko kitabu chochote. Usiulize kama wamefurahia, watakujibu ndiyo kwa adabu. Uliza: mama alikufaje? Nani aliiba shamba? Wapi ulipotea? Ulicheka wapi? Andika majibu yao kando ya ukurasa wa mswada husika, ukaanze nao mazoezi ya wiki ijayo.

Mkalimani na mshauri walipwe usiku huohuo, kabla ya kupanga tarehe ya onyesho linalofuata. Tarehe hiyo panga nao, maana wakalimani wenye uzoefu wa jukwaa ni wachache na huwahiwa na mikutano.